Mchana Tu, Usiku Tunalala

Mama alinitangazia safari yake ya Thailand nikiwa nimesimama jikoni, koti nimeshavaa, kikombe cha chai mkononi, na muda wa kutoka umeshafika. Huo ndio wakati anaouchagua siku zote kwa habari zake nzito. Anajua sitaweza kukaa kumhoji.

"Mwezi ujao n'nakwenda Thailand," alisema huku akipaka mkate siagi. "Mimi na shoga yangu. Wiki moja tu. Kuna hoteli ufukweni, wana shughuli nzuri nzuri za mchana."

"Thailand? Kufanya nini Thailand?"

"Si nimeshakwambia? Shughuli za mchana. Mchana tu. Usiku tunalala."

Nani alimuuliza habari za usiku? Mimi ni mkaguzi wa tiketi kwenye mabasi ya Landani, na kazi hii imenifundisha jambo moja kuliko yote: mtu anayejibu swali ambalo hajaulizwa, kadi yake haina kitu. Abiria mwenye kadi safi hakuelezi. Anakunyooshea kadi, huku macho yake yako kwenye simu. Yule asiyelipa ndiye anayekuanzishia hadithi ya mtoto mgonjwa kabla hujafungua mdomo. Basi nilitoka nyumbani asubuhi ile nimeshamtilia mama yangu shaka, na shaka yangu mimi ikishaingia haitoki upesi.

Inafaa nieleze tulivyokuwa tunaishi. Mama ni mjane, ameshapita sabini, na tulikuwa tukikaa wawili katika nyumba yetu ya Harrow iliyoungana ubavu na nyumba ya jirani. Mume wangu tuliachana zamani. Binti yangu yuko chuo kikuu, anakuja sikukuu kwa sikukuu, anafahamu kila neno la Kiswahili na halijibu hata moja. Mama ndiye aliyekuwa nyumba yenyewe. Nikirudi kazini nimetukanwa na abiria wa kila rangi, nilikuwa namkuta sebuleni, wali umeshaiva, naye anasubiri nimsimulie matusi yote moja moja ili ayacheke. Safari zake zote maishani zilikuwa na sababu ya maana: Unguja kwa arusi na misiba, Makka kwa umra akiwa na marehemu baba, na Lester, papa hapa Uingereza, kwa arusi za watu ambao sikuwahi kujua ni jamaa zetu wa wapi. Kusafiri kwenda kutembea tu, hilo halikuwamo.

Na shoga yake huyo ni nani? Ni mama wa Kihindi, Mwislamu, mzaliwa wa Tanga, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Yeye ni mwanamke mwema na sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ulikuwa na kaka yake. Kaka huyo ni mgane, ana duka la viungo na mboga za kwetu karibu na steshini. Mzee mrefu, mpole, kiangazi na masika anavaa kofia ya pama yenye utepe wa buluu. Mama alikuwa akinunua bamia dukani kwake, na mara mbili tatu mzee alimbebea mfuko hadi mlangoni kwetu. Mfuko wa bamia! Bamia zina uzito gani hata zihitaji mwanamume?

Tena kulikuwa na jambo la Jumanne. Tangu majira ya baridi, kila Jumanne asubuhi mama alikuwa akitoka, akiniambia anakwenda darsa. Siku moja nilikuwa na mapumziko, nikamkuta anarudi. Nilipomwinamia kumbusu mkono, nilisikia harufu ya jiki. Si harufu kidogo ya mtu aliyefuta sinki, ilikuwa harufu iliyomwingia mpaka kwenye ngozi. Nywele zake chini ya mtandio zilikuwa majimaji.

"Darsa la leo lilikuwa la nini, mama?"

"La twahara," alijibu, akapita.

Nililiangalia jibu hilo kila upande, sikulipenda. Jiki ni ya kufulia nguo nyeupe. Nguo nyeupe ni kanzu. Kwetu sisi hakuna kanzu hata moja, tangu baba afariki. Nikajumlisha, nikapata jibu ambalo lilinitia homa: mama yangu anakwenda kumfulia kanzu mzee wa pama. Msomaji asiyetoka kwetu anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Kwetu mwanamke hafui nguo za mwanamume asiye wake, labda awe amelipwa, na mama yangu hawezi kulipwa na mtu. Ukiona mwanamke wa heshima anafua kanzu ya mwanamume, ujue ndoa iko mlangoni inavua viatu.

Hapo ndipo ilipokuwa hofu yangu, na sioni sababu ya kuificha. Si kwamba niliona wivu kwa niaba ya baba aliye kaburini. Niliogopa mama ataolewa, atahama, nami nitabaki na nyumba ya vyumba vitatu na sauti ya friji.

Alipokwenda kuchukua tiketi kwa wakala wake wa Edgware Road, alirudi na kijitabu cha hoteli, akakiacha juu ya meza ya jikoni. Nilikisoma chote nimesimama. Na kadiri nilivyosoma ndivyo shaka ilivyozidi. Mapishi: mgeni anafundishwa kukuna nazi, kukamua tui na kutwanga viungo kwenye kinu. Mama yangu! Aliyenipiga mkono kwa mwiko kwa sababu tui langu la kwanza na la pili nililichanganya! Kisha kutembezwa soko la samaki. Kupanda bajaji. Kupita kwa mtumbwi kwenye mikoko. Kuchora vitambaa kwa nta. Kukandwa mgongo chini ya mivinje. Kupelekwa kwa mashua visiwani kutazama samaki kwa miwani ya maji. Kumtazama nyani akiangua madafu.

Ukiondoa huyo nyani, na tembo wa kuogeshwa mtoni aliyekuwa ukurasa wa mwisho, hakuna kitu hata kimoja ambacho Unguja hakuna, na Unguja kuna watu wetu, nyumba yetu, na nauli ni karibu ile ile. Sasa nani anavuka dunia nzima kwenda kufundishwa kukuna nazi?

Nilimuuliza, kwa upole ninaoutumia kwa abiria wazee. "Mama, haya yote si yako kwetu?"

"Yako," alisema.

"Sasa?"

"Sasa nini? Kwetu nimeshakuona."

Nikampigia simu binti yangu, nikidhani nitapata mwenzangu wa kushangaa. Alicheka, akanijibu kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba nimwache bibi ajifurahishe, na kwamba mimi hata mtu akipiga chafya namdai tiketi. Nilimkatia simu. Hata huyo niliona anajua kitu.

Wakaondoka. Niliwasindikiza hadi uwanja wa ndege, nikaangaza macho kila pembe, nikitafuta pama. Sikuiona. Niliwaona wao wawili tu, wamevaa raba mpya, wanacheka kama wasichana wa madrasa waliotoroka.

Siku ya pili picha zikaanza kuingia. Sisi tulipokuwa tunaamka, kwao mchana ulikuwa umeshaiva, kwa hiyo nilikuwa nazikuta nikiwa kituoni nasubiri basi la kwanza la kulikagua. Mama na tembo, mama kamshika sikio kwa ncha ya vidole kama anayejaribu kitambaa dukani. Mama jikoni kwa watu, kafungwa aproni, uso wake umejaa dharau mbele ya mpishi kijana anayemfundisha kutwanga. Mama kwenye bajaji. Mama na kitambaa alichokichora, ua moja kubwa la rangi ya manjano limepotoka upande. Nilikuwa nikiwaonyesha wenzangu wa kazini, wanasema, mama yako anaonekana mwenye furaha. Ndiyo, nilisema, naona.

Lakini mimi nilikuwa naona na mengine. Katika kila picha mtandio wa mama ulikuwa umeloa pembeni. Pindo la dera limeloa. Hata jikoni, hata sokoni, nywele zinazochungulia chini ya mtandio zimegandamana. Asubuhi yao nzima picha hakuna, kisha zinakuja mfululizo baada ya adhuhuri ya kule. Asubuhi wanafanya nini? Na mchangani, mbele ya miguu ya mama, kila mara kilikuwapo kivuli cha yule anayepiga picha. Kivuli kirefu, kimevaa kofia pana.

Nilijiambia dunia ina kofia nyingi. Halafu ikaja picha ya mama anakandwa miguu chini ya mivinje, na nyuma yake kwenye kiti cha plastiki imewekwa pama. Nikaikuza picha kwa vidole mpaka ikapasuka vipande vipande. Utepe wa buluu.

Siku ile nilikuwa na zamu ya basi linalopita mbele ya steshini ya Harrow. Nilipomaliza nikashuka, nikaenda moja kwa moja dukani kwa mzee. Mlango wa chuma umeteremshwa. Kikaratasi kimebandikwa: nimesafiri, narudi wiki ijayo. Nilisimama pale mbele ya mlango uliofungwa, watu wakinipita na mifuko yao. Ushahidi kama ule, ningekuwa kazini, ningeshaandika faini.

Sasa nisikilizeni nilichofanya, maana mtu wa taifa jingine asingefanya hivyo. Mwingereza angemsubiri mama yake arudi, amuulize. Au asingemuuliza kabisa, amnunie hadi Krismasi. Mimi nilifanya kama mtu wa kwetu: nilimpigia mjomba.

Mjomba wangu, ndugu wa mama tumbo moja, yuko Unguja, na kwa kuwa babu hayupo tena, yeye ndiye walii wa mama. Mama hawezi kuozwa bila yeye. Nikafikiri, kama kuna jambo, litakuwa limeshapita kwake. Na kama halijapita, basi ndoa haipo, na mama yuko kwenye kitu kibaya zaidi. Nilitaka kujua tu. Wallahi nilitaka kujua.

"Mjomba, shikamoo. Nauliza, hivi kuna mtu yeyote kakuletea maneno kuhusu mama?"

"Marahaba, mwanangu. Maneno gani?"

"Ya posa."

Nilisikia redio nyuma yake, na mtu anapiga nyundo.

"Nani?" akauliza, kwa sauti ya chini.

"Sikusema yupo, mjomba. Nauliza kama yupo."

"Mwanangu, mtu mzima haulizi hivi hivi. Nani?"

Ningeweza kunyamaza. Badala yake nikamtajia: mgane wa Kihindi, Mwislamu, mtu wa Tanga, mwenye duka la viungo karibu na steshini, mswalihina. Hilo la mswalihina sijui nililitia kwa nini. Nadhani nilitaka nisionekane namsengenya.

"Alhamdulillahi," alisema mjomba. "Dada yangu kakaa peke yake muda mrefu. Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja."

"Mjomba, ngoja kwanza..."

Lakini mjomba hakuwa na muda tena wa kungoja. Alikuwa ameshapata kazi.

Siku ya kurudi kwao nilikwenda kuwapokea na gari la jirani. Nilijipanga mlangoni pale abiria wanapotokea, mikono nimeifunga kifuani, jicho limeganda. Kwanza alitoka mama. Amepigwa na jua, amependeza, na mwendo wake umebadilika, ananyanyua miguu kama aliyepunguziwa mzigo. Nyuma yake shoga yake anasukuma mikoba. Na kichwani mwa shoga yake, juu ya mtandio, imekaa pama ya utepe wa buluu.

Nikatazama nyuma yao. Wakapita Wazungu waliobabuka pua. Wakapita wanafunzi. Mzee hakutokea.

"Shikamoo," nilimwambia shoga wa mama. "Kofia hiyo..."

"Marahaba, binti yangu. Ya kaka. Kaniazima, kasema jua la kule litaniua. Yeye mwenyewe kaenda Birmingham kwa mwanawe, katolewa mtoto wa jicho. Maskini, kafunikwa jicho wiki nzima."

Nilichukua mikoba, nikaipakia garini, nikawasha gari. Nilikuwa nafikiri, basi, yameisha, nitampigia mjomba nimwambie nilikosea. Tulikuwa hatujatoka uwanja wa ndege mama alipowasha simu yake.

Ikalia. Ikalia tena. Ikawa hailii tena kwa vipindi, inatetema mfululizo mapajani mwake. Akavaa miwani. Akabonyeza moja ya zile sauti zilizotumwa, na gari zima likajaa vigelegele. Wifi zake, binamu zake, jirani wa zamani aliyehamia Pemba, wote. Mmoja alikuwa anaimba. Mmoja anauliza akaange sambusa za nyama au za kuku. Mmoja analia kwa furaha, anamwambia Mungu hamtupi mja wake.

"Nani anaolewa?" mama aliuliza.

Nikashika usukani.

"Nauliza, nani anaolewa?"

Shoga yake aliyekuwa nyuma alishaelewa, kwa sababu naye simu yake ilikuwa imewaka. Alivua pama polepole, akaiweka magotini.

Nilimshusha shoga yake kwake. Njia iliyobaki mama alizisikiliza sauti zote moja moja, mpaka akafika kwa ile ya mjomba iliyonitaja mimi. Tulipofika nyumbani alipanda juu, akafungua sanduku lake kitandani, na mimi nikasimama mlangoni kama mtoto aliyevunja sahani. Kutoka kwenye sanduku akatoa vazi la kuogelea. Suruali, kanzu fupi, na kofia yake ya kubana nywele, vyote vyeusi, bado vina unyevu, vimejaa chumvi.

"Haya," alisema. "Hiki ndicho nilichokuwa nikikificha. Kitazame vizuri, mkaguzi."

Jiki, kumbe, ilikuwa ya bwawa. Kila Jumanne asubuhi bwawa la kuogelea lililo mtaa wa tatu kutoka kwetu lina saa za wanawake watupu, na mama yangu, katika umri wake, alikuwa akifundishwa kuogelea humo, yeye na shoga yake, wanashikilia ubao wa sponji, wanapiga miguu. Binti yangu ndiye aliyemnunulia vazi. Na Thailand, kila asubuhi, kabla ya tembo na nazi na bajaji, walikuwa baharini. Hiyo ndiyo iliyokuwa shughuli ya mchana. Mengine yote yalikuwa ya kupigia picha.

"Lakini mama, bahari si iko Unguja?"

Alikaa kitandani. Hasira ilikuwa bado iko usoni, lakini sauti ilishuka.

"Bahari ya Unguja nilinyang'anywa siku nilipovunja ungo. Baba alisema basi, mtoto wa kike keshakuwa mtu mzima. Baada ya hapo tulikuwa tukenda pwani usiku, wanawake, giza totoro, mmoja analinda, tunajimwagia maji mpaka kiunoni tunarudi mbio. Mchana ni wa wanaume. Mimi nimekulia kando ya bahari na sijapata kuona miguu yangu mwenyewe ndani ya maji. Nilitaka mchana. Nilitaka niione miguu yangu. Sasa mjane wa baba yako akajitose Unguja mchana, na mtaa mzima umekaa barazani? Watu watasema nini? Kule hanijui mtu. Na bahari ni hiyo hiyo, mwanangu. Nilimuuliza kijana wa mashua, kaniambia ukiifuata hii moja kwa moja unatokea kwetu."

"Ungeniambia mimi."

"Wewe?" Alicheka, lakini si kwa furaha. "Nikwambie wewe nini? Mimi nikisema watu watasema, wa kwanza kunijia mbele ya macho ni wewe, na hilo koti lako la kazi."

Hilo liliniuma, na bado linaniuma. Nilijitetea, nikasema yangu, akasema yake, tukalala hatujaagana.

Nilidhani mambo yangeishia kwenye aibu. Lakini mjomba alikuwa hakukaa bure. Alikuwa na mtu wake Landani, binamu wa mkewe, anayeswali msikiti mmoja na mzee wa duka, na mtu huyo alikuwa ameshampigia simu mzee hukohuko Birmingham, jicho limefungwa, akamwambia kwamba walii amesikia nia yake na amefurahi, na wazee wake wanakaribishwa. Mzee, kwa maelezo ya dada yake, hakuwa na nia yoyote. Alikuwa akibeba mifuko ya bamia kwa sababu ya adabu. Lakini alikuwa na siku nyingi za kulala na jicho moja akitazama dari ya mwanawe, na mtu akishatiwa jambo kichwani katika hali hiyo, analifikiria.

Akaleta posa. Alifuata taratibu zote, dada yake na imamu wakamwakilisha, maneno yakapelekwa Unguja, mjomba akayapokea. Likabaki neno moja tu. Kwetu mwanamwali akiulizwa hunyamaza, na kimya chake ndiyo jibu. Mjane hanyamazi. Mjane sharti aseme kwa kinywa chake. Mjomba akanipigia simu mimi, nikamsikilize mama na kumpelekea jibu, kwa kuwa mimi ndiye niliye nyumba moja naye, na zaidi ya hayo, alisema, ni mimi niliyelianza jambo hili la heri.

Mama alikuwa anakunja nguo. Kitambaa chake cha ua la manjano alikuwa amekibandika ukutani, kimepotoka vilevile.

"Mama, mjomba anataka neno lako."

Aliendelea kukunja. "Unajua sikuwa nikimfikiria kabisa? Wallahi. Nilikuwa n'nanunua bamia tu."

"Basi nimwambie hapana," nilisema, haraka mno.

Akainua macho. Nadhani alichokiona usoni mwangu alikielewa chote, maana alinihurumia. Lakini hakurudi nyuma.

"Jana nilimpigia simu. Nikamwambia, bwana, kabla hatujaenda mbali, mimi napenda kuingia baharini mchana, na Jumanne niko bwawani. Utasemaje? Unajua kanijibu nini?"

"Kasemaje?"

"Kauliza kama maji hayana baridi." Akalaza mtandio juu ya rundo, akaupapasa ukalala sawa. "Mwambie mjomba wako nimekubali."

Nikashuka ngazi, nikapiga simu Unguja. Mjomba akauliza, kasemaje? Nikamwambia kama alivyosema. Vigelegele nilivisikia kabla sijamaliza sentensi, nikaiweka simu juu ya meza ya jikoni, ikaendelea kupiga vigelegele peke yake.

Sasa anakaa kwa mzee, juu ya duka. Si mbali. Ijumaa nakwenda kula kwao, na mzee ananimiminia chai kwa heshima kiasi kwamba nashindwa kumchukia, ingawa sijaacha kumwangalia. Jioni nyingine nafika nyumbani na matusi yangu ya siku nzima, nayabeba hadi sebuleni, namkosa wa kumsimulia.

Majuzi, Jumanne, tulipanda basi moja pale karibu na bwawa, mimi na mwenzangu, tukaanza ukaguzi, yeye mbele mimi nyuma. Walikuwa wamekaa kiti cha dirishani. Mzee alikuwa na chupa ya chai mapajani, ndiye anayesubiri nje hadi saa za wanawake zimalizike. Mama alikuwa karibu na dirisha, mtandio umeloa, ananuka jiki, anamsimulia jambo lililomchekesha hata machozi yanamtoka. Niliposimama kando yao na mashine yangu, alifungua pochi, akaninyooshea kadi yake, akaendelea kusimulia.

Nikaikagua. Nikamrudishia. Nilisimama pale kidogo zaidi ya ilivyohitajika, nikingoja huenda angesema, natoka bwawani, tunapitia sokoni, au chochote. Hakunieleza kitu.